Uzi: Safu ya pili inapata anwani ya 169.254, na mwenzangu anasema mtandao haufundishwi pasipo intaneti

#1 Mwalimu_Bagira (Bukavu)
Jambo kwenu wote. Ninafundisha TIC, yaani somo la kompyuta na mawasiliano, katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Chumba chetu kina kompyuta 19 zilizopangwa safu mbili: ya kwanza ina 12, ya pili ina saba. Ruta, kifaa kinachotuunganisha na intaneti, imewekwa katika ofisi ya prefe, yaani mkuu wa shule, jengo la jirani. Kebo moja inatoka huko, inapita chini ya mabati na kuingia kwenye swichi kubwa (kifaa cha kuunganisha kebo za kompyuta) ya safu ya kwanza, kisha kebo nyingine fupi inatoka hapo hadi kwenye swichi ndogo ya matundu manane inayohudumia safu ya pili. Intaneti yenyewe tunaipata siku chache katika mwezi, na leo sikuja kulalamikia hilo.

Shida ni hii: umeme unapokatika na kurudi, safu ya kwanza inapata anwani za 192.168.1, lakini safu ya pili mara nyingi inapata anwani zinazoanza na 169.254, na wanafunzi wake hawawezi tena kufungua mafaili ninayoyaweka kwenye mashine yangu, ambayo iko safu ya kwanza. Chanzo ni nini?

Swali la pili linatoka katika chumba cha walimu. Mwenzangu anashikilia kwamba hakuna maana ya kufundisha mtandao mahali pasipo na intaneti, na kwamba afadhali tubaki na kuchapa barua na kujaza majedwali hadi siku intaneti itakapotulia. Mimi ninadai kinyume, kwamba mahali hapo ndipo pazuri zaidi pa kuufundishia. Nisaidieni kwa hoja, si kwa kunipigia makofi.

#2 Fundi_wa_Birere (Goma)
Mwalimu, 169.254 si anwani ambayo mtu alizipa mashine zako. Kompyuta inapowaka huita mtandaoni ikiuliza ni nani anayegawa anwani. Katika shule nyingi mgawaji huyo, yaani seva ya DHCP, amo ndani ya ruta. Asipojibu mtu, Windows inajichagulia yenyewe namba katika fungu hilo la 169.254. Kwa hiyo kosa lako ni la ukimya: aidha wito haukumfikia mgawaji, aidha jibu halikurudi.

Mimi ningeanza na saa. Umeme ukirudi, vifaa haviwaki kwa pamoja. Ruta za bei ndogo huchukua muda kujipanga, na kompyuta iliyotangulia kuwaka huita kabla mgawaji hajaamka. Andika ipconfig /renew, amri ya kuomba anwani upya, kwenye mashine mojawapo uone kitakachotokea.

#3 Ping_ya_Ziwa (Bukavu)
Kabla ya kumshitaki ruta, jibu jambo moja: zile saba zenye 169.254, zinaonana zenyewe kwa zenyewe? Watu wengi hudhani kwamba anwani hiyo ni sawa na kutokuwa na mtandao, kumbe mashine mbili zilizojipa namba za fungu hilo kwenye swichi moja huzungumza vizuri kabisa. Kama zinaonana, swichi ndogo ni nzima na kebo zake ni nzima, na mshukiwa wa kwanza anakuwa ile kebo fupi inayounganisha swichi mbili.

#4 Mwalimu_Bagira
Asanteni. Nimejaribu ping, amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu, kati yake, zinaonana. Lakini kuna jambo ambalo sikulieleza vizuri: si lazima zote saba ziwe wagonjwa. Kuna siku nne zinakuwa na 169.254 na tatu za safu hiyohiyo zina 192.168.1 kama kawaida, na si zilezile kila mara.

#5 Ping_ya_Ziwa
Basi kebo ya kati ninaiachilia kwa dhamana, kwa sababu kebo iliyokatika haichagui wanafunzi. Hata maelezo ya Fundi kuhusu saa yana upungufu, maana Windows iliyojipa 169.254 hairidhiki nayo milele. Huendelea kumtafuta mgawaji kila baada ya dakika tano hivi. Kama ruta ilichelewa tu, katika kipindi cha dakika 50 zote zingekuwa zimepona bila mtu kuzigusa.

Ninamleta mshukiwa mpya: anwani zimekwisha. Ruta nyingi hazigawi namba zote 254 za mtandao. Zimepangiwa fungu dogo, kwa mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi .149, yaani anwani 50 tu. Kila simu iliyoingia Wi-Fi inashika moja, na inaandikiwa kuwa yake kwa muda fulani, mara nyingi saa 24, hata kama mwenyewe amekwisha kufika nyumbani Kadutu. Mashine inayochelewa kuwaka inakuta meza tupu. Je, safu ya pili huwa inawashwa baadaye?

#6 Mwalimu_Bagira
Ndiyo, huwa tunaiwasha baadaye, kwa sababu jenereta yetu haipendi kubebeshwa mashine zote kwa mkupuo. Lakini nenosiri la Wi-Fi wanalijua walimu peke yao.

#7 Mama_Chaki (Bukavu)
Walimu peke yao! Kaka yangu, uliza darasa la sita watakuandikia hilo nenosiri ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wako.

#8 Mzee_wa_Kasapa (Lubumbashi)
Ninamsahihisha Ndugu Ping kwa heshima. Ruta nyingi za bei ndogo zinaweka orodha ya anwani zilizogawiwa katika kumbukumbu inayofutika umeme unapozimika. Mwalimu ametuambia kwamba ugonjwa unakuja baada ya umeme kukatika na kurudi, yaani wakati uleule ambapo orodha ni tupu na meza imejaa. Nadharia ya anwani kwisha ingekuwa na nguvu mchana, siku ambayo umeme haukukatika kabisa.

#9 Ping_ya_Ziwa
Mzee, ninakubaliana nawe kuhusu kumbukumbu, lakini simu zina betri. Ruta ikirudi, simu zote zilizo mifukoni zinairukia mara moja na kuomba anwani zao, huku kompyuta bado zinaonyesha nembo ya Windows, na safu ya pili haijawashwa hata. Orodha iliyofutwa inajaa upya kabla ya mwalimu kumaliza kuita majina.

#10 Kebo_Moja (Goma)
Huenda mwanafunzi amechomeka kebo ncha zote mbili kwenye swichi. Niliona hivyo katika kituo kimoja cha mafunzo hapa Himbi.

#11 Fundi_wa_Birere
Hiyo ingeleta kilio kikubwa zaidi. Swichi za bei ndogo hazina kinga ya mzunguko; wito mmoja unaotumwa kwa wote ungezunguka na kujirudufu bila kikomo, na taa zote zingemetameta kwa fujo hadi hata safu ya kwanza ikose mtandao. Hapa wa kwanza ni wazima.

#12 Mwalimu_Nyawera (Bukavu)
Mnasahau mahali tunapoishi. Utafiti wa wanasayansi wa radi uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti uliliweka eneo la Kabare, hapo juu yetu, kuwa la pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine chini ya mabati inakusanya msukumo wa umeme hata radi isipoipiga yenyewe. Tundu la swichi lililoguswa na msukumo huo si lazima life kabisa. Linaweza kuendelea kuwasha taa yake huku likiharibu sehemu ya data inayopita, na hilo ndilo tundu baya kuliko lililokufa, kwa kuwa kila mtu analiamini. Mwalimu, hamisha kebo ya kati kwenye tundu jingine la swichi kubwa.

#13 Fundi_wa_Birere
Mwalimu wa Nyawera amegusa jambo zito. Kwetu Goma ni vibaya zaidi upande wa kuteremsha umeme ardhini, kwa sababu sehemu nzima za mji zimekaa juu ya lava, ikiwamo ile ya 2002 iliyopita katikati ya mji. Kupigilia fimbo ya shaba katika jiwe hilo ni kazi ya nyundo na matusi, na hata ikiingia, mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri kama udongo wenye maji. Matokeo yake vifaa vyenye kinga dhidi ya radi vinakuwa na kinga ya jina tu, kwa kuwa kinga hiyo haina pa kuutupia umeme.

#14 Mzee_wa_Kasapa
Huku kwetu udongo mwekundu unapokea fimbo bila ubishi, lakini subiri kiangazi. Baada ya miezi kadhaa bila mvua udongo unakauka na upinzani wake unapanda, kisha radi za kwanza za msimu zinatukuta katika hali hiyo. Mafundi wazoefu hupima mwezi wa tisa, si mwezi wa pili ambapo kila kitu kimelowa na kila kipimo kinapendeza.

#15 Mama_Chaki
Naomba turudi kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonileta. Mwalimu, mwambie mwenzako kwamba Ethernet ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, na Bob Metcalfe pamoja na David Boggs, kwa ajili ya kuunganisha kompyuta za jengo lao, ili waweze kushirikiana na mashine ya kuchapa. TCP/IP, kanuni za kutumiana data ambazo intaneti inazitumia, ilianza kutumika rasmi katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983, karibu miaka kumi baadaye. Kwa hiyo mtandao wa chumba kimoja si intaneti iliyokosa mguu. Ulikuwa unajitegemea kabla intaneti tuijuayo haijazaliwa.

Mimi ninaanza bila kompyuta hata moja. Kila mwanafunzi anapewa namba ya sehemu nne, mfano 192.168.1.14, na kipande cha karatasi kinachoandikwa anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, namba ya kipande na neno moja la ujumbe. Mmoja anakaa katikati kama swichi, mwingine anasimama mlangoni kama ruta. Kwa siri ninamwagiza mmoja aibe kipande cha tatu. Sentensi inapofika na tundu, darasa lenyewe linagundua kwa nini vipande vina namba na kwa nini mpokeaji analazimika kuthibitisha alichopokea. Baada ya hapo ninaposema TCP, hakuna anayelala.

#16 Mwalimu_Nyawera
Zoezi ni zuri, Mama, lakini wanafunzi wetu wanaulizwa tabaka saba za OSI, yaani mfano unaogawa kazi za mtandao katika ngazi, na wewe hujazitaja. Mwanafunzi anayejua kuiba kipande cha tatu lakini hajui jina la tabaka la nne anaandikiwa sifuri.

#17 Mama_Chaki
Nitazitaja mwezi wa pili wa somo, akiwa tayari na kitu cha kuweka katika kila tabaka. Kiwango cha OSI kilitolewa na ISO mwaka 1984, wakati TCP/IP ilikuwa imekwisha kuingia kazini. Ni ramani nzuri iliyochorwa pembeni ya barabara. Ninasikitika kuona watoto wanaikariri ramani kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, kisha wanashindwa kuniambia kwa nini taa ya swichi imezimika.

#18 Mwalimu_Nyawera
Nami ninasikitika kuona watoto hodari wa kuchomeka kebo wakifeli kwa sababu mwalimu aliudharau mtaala. Tabaka zina faida hata kwa shida ya uzi huu: taa ya tundu ni tabaka la kwanza, MAC, namba ya kifaa chenyewe, ni la pili, 169.254 ni la tatu. Angalieni jinsi sisi watu wazima tunavyorukaruka kati ya kebo, radi na simu bila mpangilio.

#19 Ruashi_Kwetu (Lubumbashi)
Hapo ametupata.

#20 Mzee_wa_Kasapa
Ninaunga mkono hoja ya mtandao bila intaneti kwa hesabu, kwa kuwa mkuu wa shule anasikia hesabu kuliko historia. Chukua faili la video la megabaiti 700. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ni megabiti 5,600. Kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde ndani ya darasa, faili hilo linachukua sekunde 56. Kwenye intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde linachukua sekunde 2,800, karibu dakika 47, yaani kipindi kizima kimekwisha na bado hamjaitazama. Tena hapo ni mwanafunzi mmoja.

Weka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwenye mashine moja, pakua Wikipedia ya Kiswahili na ya Kifaransa siku intaneti ikiwa njema au izileteni kwenye diski, kisha darasa zima lisome kupitia kivinjari kwa anwani ya mashine hiyo. Ya Kifaransa pamoja na picha zake ina makumi ya gigabaiti, ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Kolibri nayo ni ya bure, ina masomo na mazoezi, na inatumika kwa namna hiyohiyo.

#21 Kebo_Moja
Mzee, hesabu yako ya sekunde 56 ni ya karatasini. Kila kipande kinabeba anwani na alama zake, kwa hiyo hupati megabiti 100 zote za data.

#22 Mzee_wa_Kasapa
Kweli, sema dakika moja. Jambo kubwa zaidi ni kwamba wanafunzi 19 wakilivuta faili hilo kwa wakati mmoja kutoka mashine moja, wote wanagombea tundu moja la mashine hiyo, na dakika moja inakuwa karibu ishirini. Hilo nalo ni somo: wapimeni wakiwa mmoja, kisha watano, kisha wote, na wachore mstari.

#23 Ping_ya_Ziwa
Nirudi kwa mgonjwa. Mwalimu, ile kebo fupi ya kati ilitengenezwa na nani?

#24 Mwalimu_Bagira
Na wanafunzi wangu, kwa koleo la shule, wakati wa mazoezi. Kipima kebo kiliwasha taa zote nane kwa mpangilio.

#25 Ping_ya_Ziwa
Kipima cha taa nane kinathibitisha tu kwamba waya ya kwanza imefika kwenye ya kwanza, hadi ya nane. Hakijui jozi. Waya nane ni jozi nne zilizosokotwa, na waya ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja; ndiyo maana mpangilio wa T568B unakwenda chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Wanafunzi wanapenda kupanga jozi moja baada ya nyingine kwa sababu inapendeza macho, na kipima kinawapongeza, huku kebo ikipokea kelele za umeme kutoka kila upande.

#26 Fundi_wa_Birere
Kosa hilo ni la kweli, lakini kwenye kebo ya mita mbili tatu mara nyingi linavumilika. Linauma kwenye kebo ndefu. Mimi ningeuliza zaidi kebo ile inatengenezwa na nini. Sokoni zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba. Kwarua waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, umeuziwa alumini, ambayo inapitisha umeme vibaya kuliko shaba na inakatika upesi ikipindwa. Nanyi wa Lubumbashi mnaokaa juu ya shaba, mnauziwa hizo pia?

#27 Ruashi_Kwetu
Tunauziwa, tena kwa bei ya shaba.

#28 Mwalimu_Nyawera
Na kebo ya kutoka ofisi ya prefe ina urefu gani? Ikipita mita 100 haifanyi kazi.

#29 Fundi_wa_Birere
Haikatai ghafla kwenye mita 101, Mwalimu. Kiwango kinaahidi hadi mita 100; kupita hapo hakuna ahadi, na kwa kebo ya alumini ahadi hiyo haipo hata kabla ya hapo. Kati ya majengo mawili katika nchi ya radi mimi nisingependa shaba hata ya mita kumi. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme, na vigeuzi viwili vya ncha zake si ghali kama watu wanavyodhani.

#30 Mama_Chaki
Mwambieni basi aipe kila mashine anwani yake kwa mkono, kuanzia 192.168.1.11 hadi .29, nje ya fungu la mgawaji, na barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Mashine zitaonana hata ruta ikilala siku nzima, na darasa litaendelea.

#31 Ping_ya_Ziwa
Litaendelea, na ugonjwa utabaki umefunikwa. Kama ni tundu lililoguswa na radi, anwani ya mkono haitalitibu. Halafu subiri mwanafunzi wa kwanza atakayejipa namba ya jirani yake kwa mzaha.

#32 Mama_Chaki
Siku hiyo nitafundisha mgongano wa anwani bila kuandaa somo.

#33 Mwalimu_Bagira
Nimeingia katika ukurasa wa ruta leo jioni. Fungu ni .100 hadi .149, kama Ndugu Ping alivyokisia, na vifaa vilivyoorodheshwa ni 44, vingi vikiwa na majina ya simu. Kebo ya kati, nilipoikwarua, ni nyeupe ndani. Kebo ya kutoka ofisini inafika mita 60 hivi, na imefungwa pamoja na waya wa taa.

#34 Mwalimu_Nyawera
Ulihamisha tundu?

#35 Mwalimu_Bagira
Nimehamisha, lakini tangu hapo umeme haujakatika, kwa hiyo sina la kusema.

#36 Ping_ya_Ziwa
44 kati ya 50, jioni, wanafunzi wakiwa nyumbani. Sina zaidi.

#37 Mzee_wa_Kasapa
Una zaidi, Ndugu, kwa kuwa nafasi sita zilizobaki hazielezi siku ambayo saba zote zilikosa, na hatujui ngapi kati ya 44 ni kompyuta zenyewe. Na waya wa taa uliofungwa pamoja na kebo ungeumiza safu zote mbili. Tusiandike hukumu.

Mwalimu, fanya hivi siku umeme utakaporudi: washa safu ya pili kwanza, safu ya kwanza baadaye. Kama ugonjwa ukihamia safu ya kwanza, tatizo ni zamu, iwe ni simu au ni ruta. Kama ukibaki safu ya pili, tatizo ni mahali, iwe ni swichi, tundu au kebo yako ya alumini. Kwenye kila mashine inayopona andika ipconfig /all, amri ya kuonyesha taarifa zote za mtandao, usome mstari wa seva ya DHCP, ili tujue kama aliyejibu ni ruta ya prefe kweli au kuna kifaa kingine mnachokisahau.

#38 Mwalimu_Bagira
Nitafanya na darasa la tano, kila mmoja na daftari lake: saa aliyowasha, anwani aliyopata, taa ya tundu ilivyokuwa. Mwenzangu wa majedwali nimemwalika, maana matokeo yatahitaji jedwali.

#39 Kebo_Moja
Waambie wazime Wi-Fi za simu kabla ya kuanza, la sivyo mtakuwa mnapima simu zenu.

#40 Ping_ya_Ziwa
Hapana, wasizime mara ya kwanza. Wazime mara ya pili.

#41 Fundi_wa_Birere
Na waya wa taa uondolewe mara ya tatu, si zote siku moja.